Nilipewa dakika tatu kuongea na serikali ya huku Marekani, nikazimaliza kwa salamu

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Huu ni mwaka wa kumi na tisa naishi Marekani, upande wa Virginia, jirani kabisa na Washington. Humu jamvini huwa nasoma na kupita kimya kimya. Leo nimeona na mimi niweke uzi, na nitakachosimulia kimenitokea mwenyewe. Sijaongeza kitu. Kuna sehemu ningetamani kupunguza, lakini nitaziacha zilivyo.

Wengi mnauliza kama ughaibuni kweli kuna maisha au ni kubeba box tu, yaani kazi za suluba.

Box lipo, wakuu, sitawadanganya. Nimepanga magari ya watu kwenye parking ya hoteli miaka kumi na minne, mpaka macho yalipoanza kunisaliti, nikanyang'anywa leseni, nikakaa nyumbani.

Lakini kuna kitu kingine huku ambacho miaka yote hiyo sikukielewa. Nimekuja kukielewa kiangazi kilichopita, tena kwa aibu.

Kwanza mnijue mimi ni mtu wa namna gani.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa karani wa halmashauri ya wilaya huko nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao, kupanga viti vya meza kuu, na kuandaa orodha ya nani anatambulishwa kabla ya nani. Hiyo kazi niliijua. Kuna siku nilisimamisha sherehe ya kufungua kisima kwa sababu mshereheshaji alimtaja mganga mkuu wa wilaya kabla ya afisa tarafa. Wananchi walisubiri maji, mimi nikasubiri utaratibu.

Mke wangu, Mama Tumaini, aliishia darasa la saba. Ila ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya green card. Jina lililotoka ni lake. Mimi kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema "tulishinda", na wakija wageni nisiowajua vizuri, nilikuwa nasema "nilishinda".

Na kwa kuwa yeye Kiingereza kilimpiga chenga, mimi nikajiteua kuwa msemaji wake. Benki nasema mimi. Shuleni kwa watoto nilisema mimi. Tukienda kwa daktari, akiulizwa goti linauma wapi, najibu mimi. Kuna nesi mmoja siku moja aliniangalia weee, halafu akaniambia kwa upole, "Sir, goti ni la kwake."

Nilikasirika siku nzima. Nikasema huku hawana heshima.

Hilo goti ndilo chanzo cha habari yote hii.

Mama Tumaini anatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee, mwendo wa basi dakika arobaini kutoka kwetu. Anatakiwa awe ameingia saa kumi na mbili asubuhi. Kituo cha basi kiko mbele ya geti la apartments zetu. Anatoka mlangoni, hatua thelathini, basi hilo hapo.

Mwezi wa sita tukapata habari kwamba mji unapanga upya njia za mabasi na kituo chetu kinaondolewa. Kinachofuata kiko juu ya mlima, kule kwenye barabara kubwa, na kuna kipande hakina hata njia ya waenda kwa miguu. Kijana anapanda kwa dakika kumi na tano. Mama Tumaini na goti lake tulimpima Jumamosi moja mchana, jua likiwaka, akatumia nusu saa na akakaa chini mara mbili. Sasa weka barafu ya mwezi wa kwanza hapo, na giza la alfajiri.

Na kazini kwake ukichelewa mara tatu, unaitwa ofisini. Kwa kifupi, kituo kikiondoka, kazi nayo inaondoka. Na kwa sasa yeye ndiye mwenye kazi ndani ya nyumba.

Mji uligawa karatasi za tangazo mlango kwa mlango, kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Zilisema kutakuwa na kikao cha wazi, kila mkazi anaruhusiwa kujiandikisha na kusema.

Mimi niliisoma ile ya Kiswahili mistari miwili nikaitupa kwenye pipa. Waliandika "kusimama kwa basi" badala ya kituo. Nikasema serikali isiyojua Kiswahili haiwezi kunifundisha kikao.

Nikaitisha mkutano wa wapangaji kwenye chumba cha kufulia nguo. Walikuja watu kumi na moja, wengine wakiwa na nguo zao kwenye mashine. Alikuwepo Kamau, Mkenya anayefanya kazi za usiku kwenye data center kule Sterling. Alikuwepo Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anayesafisha ofisi mjini.

Kamau akasema, "Mimi nitajiregister niongee. Hiyo bus nikiikosa asubuhi nikitoka job, nalala kwa kituo."

Mama Furaha akasema, "Hata miye nitasema. Français yangu haiwasaidie, lakini nitasema hivyo hivyo."

Nikawakatalia wote wawili.

Niliwaambia, "Tukiongea wengi tutaonekana wahuni. Inatakiwa sauti moja, yenye uzito, inayojua taratibu za vikao vya serikali. Mimi nimekaa kwenye vikao miaka kumi na saba. Niachieni."

Kamau akakuna kichwa. "Sawa mzee. Lakini uwaambie kabisa."

"Wataelewa," nikamjibu.

Mama Tumaini alikuwa anakunja mashuka. Hakusema kitu. Mimi nikaona hiyo ndiyo kuunga mkono hoja.

Basi, maandalizi. Wakuu, nilijiandaa kama naenda kuapishwa. Nilibeba pasipoti, cheti cha uraia, bili ya umeme, na picha sita za pasipoti saizi. Nikaandika na barua ya utambulisho, nikamwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu ya watu wa nyumbani asaini. Yeye anakaa Columbia, Maryland, hajawahi hata kufika mtaani kwetu, lakini alisaini. Nikavaa suti ya sufu, mwezi wa saba, ambao huku ndio joto kali.

Na usifikiri sikuwa na hofu. Nilikuwa nayo. Kwetu nilishaona mwananchi aliyeuliza swali kwenye mkutano wa hadhara, kesho yake akaulizwa yeye. Usiku ule nilimwambia Mama Tumaini mahali ilipo bima yangu ya mazishi.

Kikao kilikuwa saa moja jioni. Mlangoni kulikuwa na binti mmoja na meza. Nikamwekea bahasha yote mezani. Akaitazama, akanirudishia, akaniuliza jina tu.

Nikamwambia, "Hutaki kuona uraia wangu?"

Akasema, "Hapana. Unataka kuongea kuhusu nini?"

"Basi."

Akaandika. Nikawa namba tisa. Wakuu, kuonana na afisa tarafa wetu ilikuwa inachukua muda kuliko hapo.

Nikakaa mbele. Kamau na Mama Furaha na wenzao wakakaa nyuma yangu, wamenijazia mstari mzima. Mama Tumaini akakaa pembeni karibu na mlango, nikajua ni kwa ajili ya goti.

Sasa sikilizeni nilichokiona.

Namba nne alikuwa kijana wa Kizungu, kavaa kaptula na kandambili. Kandambili, wakuu, mbele ya baraza. Akaenda kwenye mimbari, hakusalimia, hakujitambulisha cheo, akasema, "Nyie watu mmefeli." Alikuwa anazungumzia eneo la kukimbizia mbwa. Akawaambia wajumbe mmoja mmoja kwa majina kwamba waliahidi na hawakutekeleza, na kwamba uchaguzi ujao atawapigia kampeni ya kuwatoa.

Nikafumba macho. Nikamtafuta polisi. Polisi alikuwepo, kasimama pale mlangoni, anapiga miayo.

Kijana alipomaliza, mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akamwambia, "Asante kwa kuja, tumekusikia." Kijana akarudi kukaa, akatoa chupa yake ya maji akanywa. Nilikaa nikisubiri apelekwe mahali. Hakupelekwa. Aliondoka mwenyewe baadaye, kwa sababu alikuwa na njaa, nilimsikia akisema.

Nikajiambia, huyu ameongea kihuni. Ngoja waone mtu aliyefundwa.

Namba tisa ikaitwa.

Nikapanda, nikafunga vifungo vya koti, nikatandaza karatasi zangu nne. Hotuba niliiandika kwa Kiingereza changu cha shule ya sekondari, kile cha "I beg to submit". Mbele yangu kwenye mimbari kulikuwa na taa tatu ndogo. Ya kijani iliwaka nilipofungua mdomo. Nikaona ni jambo la heshima.

Nikaanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza hili tukufu. Waheshimiwa Makamu na Wajumbe wote. Mheshimiwa Meneja wa Mji na wasaidizi wake. Wakuu wa Idara, mkiongozwa na Mkuu wa Idara ya Usafiri. Vyombo vya ulinzi na usalama. Hapo nikageuka nikampungia yule polisi, naye akashtuka. Viongozi wa dini mliopo. Sikuwa na uhakika kama wapo, lakini huwezi kuwaruka. Wazee wenzangu. Wanahabari. Wageni waalikwa. Mabibi na mabwana.

Halafu nikasema, itifaki imezingatiwa.

Baada ya hapo nikatoa shukrani. Nilimshukuru Mungu kwa uhai. Nikamshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii adhimu. Nikaomba wajumbe wajipigie makofi. Wakatazamana, mmoja akapiga kidogo.

Taa ya njano ikawaka. Nikajua kipaza sauti kinarekebishwa.

Nikaingia kwenye utangulizi. Nikaeleza historia ya mtaa wetu tangu tulipohamia, mchango wa wahamiaji wa Afrika Mashariki katika maendeleo ya mji, na hali ya hewa.

Taa nyekundu ikawaka.

Wakuu, mimi nilidhani sasa ndiyo tumeingia hewani kwenye televisheni. Nikarekebisha tai. Nikatabasamu upande wa kamera. Nikasema, "Na sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, niingie katika kiini cha mada yangu ya leo, ambayo nimeigawa katika sehemu tatu..."

Kengele ikalia.

Mwenyekiti akasema, "Asante sana, bwana. Muda wako umekwisha."

Nikasema, "Mheshimiwa, bado sijaanza."

Akasema, "Samahani sana. Ni dakika tatu kwa kila mtu. Unaweza kutuandikia yaliyobaki." Na nawaambia ukweli, alisema kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonichoma.

Neno basi sikulitaja. Neno kituo sikulitaja. Karatasi ya pili sikuigusa.

Nikarudi kukaa. Sauti ya Kamau ikaja sikioni kutoka nyuma, taratibu.

"Mzee, hata kwa harusi yangu MC hakusalimia watu hivyo."

Nikaanza kukunja karatasi zangu, naye akaendelea.

"Si ungesema bus stop kwanza, hizo salamu ukamalizia?"

Mama Furaha naye akainama mbele. "Bon, Papa. Umesalimia batu bote. Hata polisi umemusalimia. Sasa na bus?"

"Nitawaandikia barua," nikasema.

"Barua," akasema Mama Furaha, akamgeukia Kamau. "Iko na barua."

Na hapo ndipo nilipouona ubaya niliofanya. Wale watu wawili walikuwa na haki ya kusema. Dakika tatu za Kamau, dakika tatu za Mama Furaha, zilikuwa za kwao, wamepewa bure na mji. Hakuna polisi aliyewazuia. Niliyewazuia ni mimi, kwenye chumba cha kufulia. Orodha ilikuwa imefungwa. Nikaanza kuhesabu miezi mpaka barafu ianze.

Wakaendelea kuita namba. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Namba kumi na tatu, mwenyekiti akasoma jina taratibu, akilitafuna kidogo. Lilikuwa jina la mke wangu.

Nikageuka nikiamini kuna mtu mwingine mwenye jina hilo. Mama Tumaini alikuwa ameshasimama, anajikokota kuelekea mbele na lile goti. Nikainuka nimsindikize, si unajua, nimsemee. Kamau akanishika koti kwa nyuma.

"Kaa, mzee. Tafadhali."

Kumbe ile karatasi niliyoitupa aliiokota. Aliisoma mpaka chini, na chini paliandikwa kwamba asiyejua Kiingereza apige simu siku tatu kabla, atawekewa mkalimani bila malipo. Akapiga. Akajiandikisha. Akaendelea kukunja mashuka.

Kwenye spika ikasikika sauti ya mkalimani, mwanamke mwenye lafudhi ya Mombasa, "Mama, ongea tu, mimi nakufuata."

Mama Tumaini akaongea Kiswahili. Ndani ya ukumbi wa serikali ya mji, huku Virginia, mke wangu wa darasa la saba anaongea Kiswahili cha jikoni kwetu, na wajumbe wameegemea mbele wanasikiliza.

Alisema hivi, nakumbuka kila neno:

"Naitwa Mama Tumaini. Nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna bibi mmoja ana miaka tisini na mbili, hawezi kujigeuza kitandani. Namgeuza mimi saa kumi na mbili asubuhi. Basi la kwanza ndilo linanifikisha. Mkiondoa kile kituo, mimi nitatembea, goti langu hili, nitafika nimechelewa. Mimi nitakuwa nimechoka tu. Lakini yeye atakuwa amelala upande mmoja, analia, ananisubiri. Yule bibi ni mtu wa mji huu. Huenda ni mama wa mmoja wenu. Naomba kituo kibaki. Nimemaliza."

Taa ilikuwa bado ya kijani.

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, mjumbe mmoja alivua miwani akaifuta. Mwenyekiti akamgeukia mkuu wa idara ya usafiri akamwuliza, hapo hapo, mbele ya watu, kwamba je, walihesabu abiria wa alfajiri? Yule bwana akafungua makaratasi, akafungua tena, akasema walihesabu kuanzia saa mbili asubuhi.

Ukumbi ukacheka. Yeye mwenyewe akacheka, akaandika kitu.

Tulirudi nyumbani kwa gari la Kamau. Njiani hakuna aliyenisema, wote wanampongeza Mama Tumaini. Mimi nilikaa kiti cha mbele na bahasha yangu ya picha sita.

Tulipoingia ndani nikamwuliza, "Ulijuaje kubana maneno yote yale ndani ya dakika tatu?"

Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Dakika tatu ni nyingi, Baba Tumaini. Humu ndani huwa sipati hata moja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Akaenda kupasha chai.

Wakuu, nilikaa kwenye kochi na suti yangu ya sufu mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa nane barua ikaja. Kituo kimebaki. Mabasi ya Jumapili wamepunguza, hilo hatukushinda, na Mama Furaha anayesafiri Jumapili kwenda kanisani ameshajiandikisha kwa kikao kijacho. Safari hii sikumwuliza atasema nini. Barua hiyo hiyo ilimwalika Mama Tumaini ajiunge na kamati ya wakazi inayoshauri mambo ya usafiri. Ni ya kujitolea, wanakutana kila baada ya miezi miwili, na mkalimani yupo. Wamemwekea kibao chenye jina lake mezani. Jina lake mwenyewe, si la kwangu.

Mimi huwa namsindikiza. Nakaa viti vya nyuma.

Nilichojifunza ni hiki. Nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa nikisema nimekuja kutafuta uhuru na nafasi ya maisha, na huku nikilalamika baridi, kodi na watoto wanaojibu Kiingereza. Uhuru wenyewe ulikuwa unapitishwa chini ya mlango wangu kwa Kiswahili kibovu, na mimi nikautupa kwenye pipa. Huku mtu wa darasa la saba anapewa muda sawa na tajiri, na sawa na kijana wa kandambili, na serikali inamlipia mtu wa kumtafsiria. Nimeshukuru. Nimechelewa, lakini nimeshukuru.

Na kosa langu nalitaja kwa jina lake. Nilikuwa naogopa serikali ya kunyamazisha watu, kumbe serikali hiyo ilikuwa inakaa nyumbani kwangu, inaitwa mimi. Miaka arobaini ya ndoa, sijui huyu mama amekuwa na mangapi ya kusema. Mengine ameshayasahau, nimemwuliza. Hayo hayarudi.

Kwa hiyo ninyi mlio ughaibuni, na hata mlio nyumbani, niambieni: ni nani mnamsemea ambaye ana mdomo wake? Na kama kuna aliyewahi kuaibika kikaoni kuliko mimi, ajitokeze, nipate mwenzangu. Matusi pia nitayasoma, ninastahili machache.

Mama Tumaini ameusoma uzi huu kabla sijauweka. Amefuta aya mbili, akasema zilikuwa salamu tu.

Sikubisha.